Nyota Ngapi? Mwongozo Kamili wa Kulipima Pambano la Mieleka

Kwenye banda umiza ninalokaa mimi, Manzese, siku za mieleka kuna mama anauza mihogo ya kukaanga mlangoni, kwenye kipande cha gazeti, na pilipili pembeni. Pambano likiwa bovu, mihogo inaisha mapema. Likiwa zuri, utaona mkono wa mtu umeganda njiani kati ya gazeti na mdomo, mhogo unapoa, na mwenyewe hana habari.

Hicho ndicho kipimo cha kwanza cha pambano, na mpaka leo sijaona cha kukishinda. Shida yake ni moja: huwezi kubishana nacho. Ukifika kijiwe cha kahawa ukakuta wazee wanasema hakuna pambano kama la Undertaker na Shawn Michaels, utawajibu nini? Kwamba mhogo wako haukupoa? Ndiyo maana mashabiki wa mieleka duniani hutumia nyota. Nyota ni hoja iliyofupishwa ikawa namba, na namba usiyoweza kuitolea sababu ni sawa na kelele. Hapa nakueleza namna ya kuzitoa na ukazisimamia bila kupandisha sauti.

Hatua ya 1: Maliza kwanza ubishi wa "imepangwa"

Imepangwa, ndiyo. Mshindi anajulikana kabla kengele haijagongwa, na wale wawili wanasaidiana kuliko wanavyopigana. Anayenyanyuliwa ndiye anayeruka, anayemnyanyua ndiye anayemlinda shingo. Ukishalikubali hilo, swali la "nani mkali" linakufa lenyewe, na linabaki lililo tamu zaidi: kazi yao imenoga?

Linganisha na ngumi. Kule majaji hukaa pembeni ya ulingo, aliyeshinda raundi wakampa pointi 10 na mwenzake 9 au pungufu. Wanatafuta mshindi. Nyota za mieleka hazimtafuti mshindi, na wala hazigawanywi. Ni za pambano zima. Huwezi kusema "Cena nyota nne, Orton tatu", kama usivyoweza kusema ngoma ilinoga kwa mpigaji ikadorora kwa mchezaji.

Wapo watakaokuambia unapoteza muda kupima maigizo. Hao hao jioni wanalia na tamthilia. Waache.

Hatua ya 2: Zijue nyota zenyewe

Mpango huu ulibuniwa na mashabiki wawili wa Marekani, Norm Dooley na Jim Cornette. Cornette baadaye akawa meneja maarufu wa wanamieleka. Lakini aliyezieneza nyota hizi ni mwandishi Dave Meltzer, kupitia jarida lake la Wrestling Observer Newsletter, tangu miaka ya 1980. Mtu akisema tu "lile pambano lina nyota tano" bila kumtaja aliyezitoa, mara nyingi anamaanisha za Meltzer.

Kipimo kinaanzia sifuri mpaka tano, na kila nyota inakatwa robo robo, kama sukari dukani kwa Mangi. Mimi nazisoma hivi. Moja: walikuwepo ulingoni, basi. Mbili: linatazamika huku unakula. Tatu: zuri, hujutii muda wako. Tatu na nusu: unamwambia jirani alitafute. Nne: mwisho wa mwaka bado unalikumbuka bila kukumbushwa. Tano: mhogo umepoa.

Chini ya sifuri kupo pia. Mfano maarufu ni Hulk Hogan na André the Giant, WrestleMania III (WrestleMania ni onyesho kuu la kila mwaka la WWE, kampuni ya mieleka ya Marekani), tarehe 29 Machi 1987, kwenye uwanja wa Pontiac Silverdome. Waandaaji walitangaza watu 93,173, Meltzer akasema walikuwa kama 78,000, na pambano lenyewe akalipa hasi nne. Hasi nne! Pambano ambalo wazee wetu waliliona kwenye mikanda ya VHS wakasimulia miaka, Hogan akimbeba jitu lile na kulibwaga. André alikuwa mgonjwa, mgongo umechoka, hawezi kutembea vizuri, na kwa kazi ya ulingoni hakukuwa na cha kupima. Siku hiyo hiyo, ulingo huo huo, Randy Savage na Ricky Steamboat walipata nne na nusu. Shika mfano huu. Pambano kubwa na pambano zuri ni vitu viwili, na shabiki asiyevitofautisha atakuwa anapima bango la tangazo.

Juu ya tano nako watu wameshapanda. Tarehe 4 Januari 2017, Tokyo Dome, Kazuchika Okada na Kenny Omega walipigana zaidi ya dakika 46, Meltzer akawapa sita. Juni mwaka huo, Osaka, walitoka sare ya dakika 60 akawapa sita na robo. Juni 2018 wakarudi tena, safari hii mshindi wa mara mbili kati ya tatu, akawapa saba. Mimi siendi huko. Mtungi ukijaa umejaa, na ukishaanza kusema huu umejaa zaidi ya ule, kesho utatafuta mtungi mwingine. Ukitaka kupanda panda, ila amua mapema na usibadilishe katikati ya safari.

Kuna pia Cagematch, tovuti ya Kijerumani ambapo mashabiki wa kila nchi hupiga kura kwa alama 0 mpaka 10. Usichukue alama ya pale ukaigawa kwa mbili ukaiita nyota. Za Meltzer ni jicho la mtu mmoja. Za pale ni wastani wa watu wengi, wakiwemo wanaompa sifuri wasiyempenda na kumi mpenzi wao.

Hatua ya 3: Kaa mkao wa kupima

Tazama pambano zima. Vipande vya dakika mbili vinavyosambaa kwenye simu vinakuonyesha mapigo, na mapigo peke yake ni kama kuonja pilipili ukadai umekula pilau.

Hili nimelilipia. Kuna usiku umeme ulikatika banda zima dakika ya ishirini hivi, pambano limefika penyewe. Nikarudi nyumbani nikaandika nyota nne na robo kwenye daftari. Wiki mbili baadaye nikaliona mpaka mwisho: watu wanne wasiohusika wakaingia ulingoni, refa kaangushwa, mshindi kaiba ushindi kama mwizi wa kandambili msikitini. Nikafuta nikaandika tatu. Pambano usilolimaliza usilipe nyota. Andika "halijaisha", tosha.

Kabla ya kengele, jua walifikaje pale. Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, alikaa WWE miaka kumi na moja bila kuushika ubingwa mkuu. Tarehe 7 Aprili 2019, WrestleMania 35, akamshinda Daniel Bryan na kuwa bingwa wa WWE wa kwanza aliyezaliwa Afrika. Aliyewasha runinga usiku ule bila kujua ile miaka kumi na moja aliona mieleka mizuri. Aliyejua, alilia. Ni pambano lile lile. Mimi hadithi naihesabu, kwa sababu wanamieleka wenyewe wanaijenga na kuitumia ulingoni. Kama hukuifuata, tafuta mtu akusimulie kwa dakika tano kabla ya kuanza.

Vifaa: daftari la shule la kurasa 40 na kalamu. Simu iweke mfukoni.

Hatua ya 4: Fuata kiungo kimoja cha mwili

Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Pambano zuri lina mantiki ya maumivu. Ukimpiga mtu goti dakika ya tano, dakika ya kumi na tano lile goti liwe bado linauma. Ukiona mtu kavunjwavunjwa mguu halafu anakimbia na kuruka kamba kama hana kitu, kata robo. Akirudia, kata nusu. Kuonyesha maumivu ni nusu ya kazi ya mieleka, na ndiyo nusu ambayo watoto wa mtaani wakicheza mieleka kwenye mchanga huwa hawaiigi, kwa sababu kila mmoja anataka kuwa mpigaji.

Chukua Bret Hart na Steve Austin, WrestleMania 13, tarehe 23 Machi 1997, pale Rosemont karibu na Chicago. Sharti la pambano: mpaka mmoja asalimu amri. Refa ni Ken Shamrock, mpiganaji wa kweli. Bret anaingia akiwa stelingi, Austin akiwa adui. Wanaanza kwa kupigana katikati ya watazamaji, kisha Bret anarudi ulingoni na kulishughulikia goti la Austin: analikunja kwenye nguzo, analipiga kwa kiti. Kwa nini goti? Kwa sababu kabari yake ya kumalizia, Sharpshooter, inakunja miguu na mgongo. Kila pigo linaandaa lile la mwisho. Austin naye hasahau kuchechemea hata anaposhambulia.

Kisha damu. Austin anamkaba Bret kwa waya wa umeme, Bret anamponda kwa kengele, anamfunga Sharpshooter. Austin analia, damu inachuruzika usoni mpaka kwenye meno, hasalimu amri, anazimia. Refa anamaliza pambano. Bret haachi, anaendelea kuukanyaga ule mguu mpaka Shamrock anamtupa chini. Austin anakataa kusaidiwa, anaondoka mwenyewe akipepesuka, na ukumbi ulioanza kwa kumzomea unamshangilia.

Umeona kilichotokea? Stelingi amekuwa adui na adui amekuwa stelingi, na hakuna aliyeshika maiki kutueleza. Yote yamesemwa na goti na damu. Meltzer alitoa tano. Mimi nimelitazama mara sijui ngapi nikitafuta robo ya kukata, sijaipata.

Kwenye daftari, andika hivi unapotazama: dakika, kiungo, kilichofanyika. "Dk 8, goti, nguzo." "Dk 14, goti, anachechemea bado." Mistari sita saba inatosha. Ukijaza ukurasa mzima umegeuka karani wa mahakama, pambano limekupita.

Hatua ya 5: Hesabu kuponea chupuchupu

Mwisho wa pambano una zile nyakati mtu kabanwa mabega chini, refa anapiga moja, mbili, na kabla ya tatu inayomaliza pambano, mkono ukiwa hewani, anajinasua. Zikitumika vizuri, presha inapanda inashuka. Zikizidi, zinakuwa kama chumvi.

Kipimo changu: niliamini kwamba imeisha? Kama niliamini, ile ni halali, iwe moja au sita. Zikianza kunichosha, naweka alama ya mkasi pembeni. Alama tatu za mkasi ni robo ya kukata.

Undertaker na Shawn Michaels, WrestleMania 25, tarehe 5 Aprili 2009, Houston, ni darasa la jambo hili. Sisi tuliokua tukimwita Andateka, tukiaminishwa ana roho saba, hatukutegemea amfanyie mtu Tombstone, pigo lake la kumalizia, halafu huyo mtu ajinasue. Michaels alijinasua. Tazama uso wa Undertaker pale, macho yamemtoka. Ule uso peke yake una robo.

Pambano hilo linafundisha na jambo la pili, namna ya kulipima kosa. Undertaker aliruka juu ya kamba kwenda nje, mtu wa kumdaka hakumdaka vizuri, akatua kwa kichwa. Nani asingeshika roho? Lakini walilimeza ndani ya hadithi: Michaels akamhimiza refa ahesabu (aliye nje hesabu ikifika kumi ameshindwa), Undertaker akajikokota kurudi hesabu ya kumi ikikaribia kutimia. Kosa likageuka kuwa sehemu tamu ya pambano. Kwa hiyo kosa lenyewe halina bei. Tazama walilifanyia nini. Wakisimama na kulirudia pigo lile lile kama wanafunzi wa sarakasi, kata.

Meltzer alilipa nne na robo tatu. Mimi nalipa tano na nimeshagombana sana kwa ajili yake.

Hatua ya 6: Sikiliza ukumbi, ila usiutii

Watazamaji ni mwanamieleka wa tatu. Anayebisha akae Uwanja wa Benjamin Mkapa siku ya watani wa jadi halafu aitazame mechi hiyo hiyo kwenye runinga iliyozimwa sauti. Na tulishaona kinyume chake: WrestleMania 36, iliyorushwa Aprili 2020, wakati wa korona, ilirekodiwa bila mtazamaji hata mmoja. Watu walewale, mapigo yaleyale, na unasikia viatu vikikwaruza turubai. Inasikitisha.

Tahadhari mbili. Wajapani huwa kimya dakika za mwanzo, wanatazama kwa makini, kisha wanalipuka mwishoni. Usiuchukue ukimya wao kama uchovu. Na wa pili ni ukumbi unaojishangilia wenyewe, watu wanaimba nyimbo zao bila kujali ulingoni kuna nini. Huo haukuongezei hata robo.

Banda lako nalo ni ukumbi. Pambano nililoliona na watu sitini wakirusha kofia huwa nalirudia peke yangu kwa simu, usiku, kabla sijaandika namba kwa wino.

Hatua ya 7: Toa namba

Kila pambano kwangu linaanza na mbili na nusu mfukoni. Kutoka hapo naongeza na kukata.

Naongeza mpaka nyota moja kwa hadithi: ilianza wapi, ikageuka wapi, mwisho ulitokana na mwanzo? Naongeza mpaka nusu kwa mantiki ya maumivu, mpaka nusu nyingine kwa dakika tano za mwisho, na mpaka robo kwa ukumbi. Robo inayobaki kufika tano haina jina. Hiyo ndiyo ya mhogo, naitoa kwa nadra sana na sitaki kuulizwa.

Nakata kwa katikati iliyolala, kwa mtu wa nje kuingilia bila sababu, kwa pigo la kumalizia lililorudiwa mpaka likachuja. Urefu wenyewe hauongezi wala haukati. Kuna dakika sitini zenye maana na kuna dakika ishirini na tano zilizopaswa kuwa kumi.

Andika kwa penseli usiku ule. Kesho yake, ukishalala, pitia kwa kalamu. Mara nyingi utashuka robo.

Mapambano ya namna tofauti yapimwe kwa namna zake. Royal Rumble ya watu thelathini huwezi kuidai goti. Dai mpangilio wa wanaoingia na wanaotupwa nje. Pambano la ngazi, ambapo mshindi ni anayepanda na kuchukua mkanda uliotundikwa juu, mfano Razor Ramon na Shawn Michaels pale Madison Square Garden tarehe 20 Machi 1994, lililopata tano, lipime kwa jinsi ngazi ilivyotumika kuongea. Ajali pekee hazitoshi. Na la wanawake lipime kama la mtu yeyote, bila punguzo na bila huruma. Sasha Banks na Bayley, Brooklyn, tarehe 22 Agosti 2015, hawahitaji huruma ya mtu.

Jihadhari na sauti ya muuzaji. Juni 2020 WWE walilitangaza pambano la Edge na Randy Orton kuwa pambano bora la mieleka kuliko yote, kabla halijapigwa. Nyota haitolewi kwenye bango.

Hatua ya 8: Lipeleke kijiweni

Usianze na namba, anza na sababu. Sema "goti lile alilisahau dakika ya kumi na tano", kisha ndiyo useme tatu na robo. Mzee akikupinga, mpe heshima yake, mwulize: "Mzee wangu, wewe ungeongeza wapi?" Akishindwa kupataja, ameshajijibu. Akipataja pahali ambapo hukupaona, rudi nyumbani ukapatazame, na kama yuko sahihi kesho mrudie umwambie. Kuna mzee Magomeni alinipandisha nusu nzima hivyo, kwa jambo moja tu: jinsi mpigaji alivyokuwa akijitazama mkono kila baada ya kupiga. Nilikuwa sijauona ule mkono.

Pa kuanzia

Anza na Savage na Steamboat ya 1987. Haifiki dakika kumi na tano, bando halitakuumiza. Kabla ya kubonyeza, jua tu kwamba miezi kadhaa nyuma Savage alimuumiza Steamboat koo kwa kutumia kengele, kisha chora mstari katikati ya ukurasa: kushoto andika kila koo linapoguswa, kulia andika kengele inapoonekana. Ukimaliza, gawa nyota zako. Halafu, papo hapo, usiku huo huo, mtazame Hogan na André. Mihogo nunua kabla ya la pili.